Zana mpya za kufundishia sayansi sekondari: mkono kwanza, skrini baadaye

Walimu wenzangu wa sayansi, kilio chetu cha zamani kilikuwa kwamba zana hakuna. Siku hizi shule nyingi za kata zina walau kompyuta mpakato moja katika ofisi ya taaluma na projekta ya kuazima, na simu tunazotembea nazo mfukoni hupima vitu ambavyo maabara zetu hazijawahi kuvipima. Mtandaoni kuna vifaa vya bure visivyo na idadi. Swali lililobaki ni kipi kiingie darasani, lini, na kifanye kazi gani.

Nafundisha Fizikia na Kemia, na baada ya kujaribu mengi nimebaki na msimamo mmoja ninaoutetea kila tunapokaa kupanga vipindi: mwanafunzi ashike kitu halisi kwanza, halafu skrini imwonyeshe kile ambacho jicho haliwezi kukiona. Ukiugeuza mpangilio huo utapata darasa lililotulia na kufurahia picha, lakini siku ya mtihani wa vitendo wanafunzi hawajui waya uanzie wapi.

Chukua mada ya umeme. Unganisha betri mbili za tochi na globu mbili kwa mfululizo, kisha kabla ya kufunga swichi uliza: mkondo ni mkubwa wapi? Kabla ya globu ya kwanza, katikati, au baada ya ile ya pili? Usipokee majibu ya mdomo, maana wawili watatu wenye sauti wataliamulia darasa zima. Kila mmoja aandike jibu lake na sababu kwenye daftari, ndipo mpige kura kwa mikono. Wengi watakuambia mkondo unapungua kila unapopita kwenye globu, na sababu yao ina mantiki: taa imewaka, kwa hiyo kuna kitu kimetumika. Wape amita, yaani kipimo cha mkondo wa umeme, wapime wenyewe sehemu zote tatu. Namba inakuja ile ile.

Hapa walimu wengi husema "mmeona?" na kuendelea. Tafadhali usiendelee. Wanafunzi hawajaamini. Watakuambia amita ni mbovu, na wana haki ya kulisema hilo, kwa sababu nyingi kweli ni mbovu. Wabadilishe amita, wapime tena. Wakishaishiwa pa kukimbilia, sasa washa kompyuta.

Ninachotumia hapo ni majaribio ya kuigiza ya PhET, mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka uliotangulia. Katika jaribio la saketi, yaani mzunguko wa umeme, elektroni zinaonekana kama vitone vinavyotembea ndani ya waya. Wanafunzi wanajenga saketi ile ile waliyoishika kwa mikono dakika kumi zilizopita, na wanaona vitone vikitembea kwa mwendo mmoja kote, kabla ya globu na baada yake. Ongeza globu ya tatu: vitone vyote vinapunguza mwendo kwa pamoja, hata vile ambavyo havijafika kwenye hiyo globu. Hapo ndipo darasa hunyamaza, kisha huanza kubishana kwa maana. Kilichotumika kwenye taa ni nishati, chaji zenyewe zinazunguka na kurudi. Nimefundisha jambo hilo kwa ubao, nimelifundisha kwa mchoro wa kitabuni, na hakuna njia iliyofika mbali kama hii ya mkono kisha skrini.

Kuna jambo la lugha ambalo wengi hawalitumii ipasavyo. Watoto wetu wanasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, wakiingia kidato cha kwanza wanakutana na sayansi kwa Kiingereza, na wengi hunyamaza. Majaribio kadhaa ya PhET yametafsiriwa kwa Kiswahili. Pakua matoleo yote mawili. Wabishane kwa Kiswahili wakitazama toleo la Kiswahili, na wakishaelewa fungua lile la Kiingereza, ukurasa ni ule ule, waandike hitimisho kwa lugha ya mtihani. Na wala huhitaji intaneti darasani: kila jaribio la aina mpya ni faili la megabaiti chache linalofunguka kwenye kivinjari chochote. Pakua usiku bando likiwa nafuu, weka kwenye flashi, gawia wenzako.

Lakini skrini ina udanganyifu wake. Kwenye kompyuta waya haulegei, betri haina kutu, amita haisomi chini ya sifuri. Mwanafunzi aliyejenga saketi kwa kipanya peke yake hubabaika mbele ya waya uliofunikwa na plastiki asijue kwamba ncha inapaswa kumenywa. Kwa hiyo nunua globu ndogo. Za tochi za zamani zinazidi kuadimika tangu tochi za LED zijae madukani, basi anza kuzitafuta kwa mafundi mapema. LED nazo zinafaa ila zinahitaji rezista ya kupunguza mkondo na zina upande wa chanya na wa hasi, na kwa somo la kwanza hilo ni mzigo wa ziada. Betri zilizokwisha usitupe: zile za kawaida za zinki na kaboni zina fimbo ya kaboni katikati, na hiyo ndiyo elektrodi yako ya elektrolisisi, yaani kutenganisha kemikali kwa umeme. Na umeme wa ukutani usiuguse kwa majaribio haya, hata siku moja.

Simu ya mwalimu ndiyo zana ambayo wengi hawajaigundua. Kuna programu ya bure inayoitwa phyphox, iliyotolewa mwaka 2016 na chuo kikuu cha RWTH Aachen cha Ujerumani, inayotumia vihisio vilivyomo ndani ya simu. Ninayoipenda zaidi ni saa inayoanza na kusimama kwa sauti. Weka kokoto kwenye ncha ya rula iliyotokeza nje ya meza, gonga rula ikimbie chini ya kokoto: mlio wa kugonga unaanzisha saa, mlio wa kokoto sakafuni unaisimamisha. Kutoka kimo cha mita 1.25 utapata karibu nusu sekunde, na kutokana na hapo wanafunzi wanakokotoa mchapuko wa mvutano wa dunia. Jaribu hilo kwa saa ya kubonyeza kwa kidole: kidole cha binadamu huchelewa karibu sehemu mbili za kumi za sekunde, yaani sehemu kubwa ya muda wenyewe unaopimwa.

Ukiwa na simu mbili, pima mwendo wa sauti. Zitenganishe kwa mita 5, zote zikiwa kwenye saa ya sauti. Mwanafunzi mmoja anapiga kofi kando ya simu ya kwanza, saa zote mbili zinaanza. Mwenzake anapiga kofi kando ya simu ya pili, zote zinasimama. Tofauti ya muda unaosomeka kwenye saa hizo mbili ni muda ambao sauti hutumia kusafiri mita 10, karibu sekunde 0.03. Jaribio hili hufanyika uwanjani, halihitaji umeme wala intaneti, na wanafunzi hulipenda kupita kiasi. Simu ni zako na za mwalimu mwenzako, kwa hiyo kanuni ya shule ya kuwakataza wanafunzi simu haivunjwi. Simu za bei nafuu hukosa vihisio vingi, ila maikrofoni zote zinayo.

Kwa Kemia, kifaa kipya ninachokithamini hakina skrini kabisa: ni kupunguza kipimo. Kituo cha RADMASTE cha Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, kilitengeneza vifaa vidogo vya plastiki ambavyo UNESCO ilivisambaza katika nchi nyingi, na wazo lake unaweza kulitumia leo bila kununua kifaa hicho. Chukua faili la plastiki linalopitisha mwanga, weka chini yake karatasi yenye miraba, kila mraba tone moja la kemikali. Tone la kopa salfeti na tone la haidroksidi ya sodiamu: mashapo ya buluu. Chumvi ya chuma (II) hutoa kijani, chuma (III) hutoa rangi ya kutu. Chupa iliyokuwa ikiisha kwa onyesho la mwalimu mbele ya darasa sasa inatosha kila jozi ya wanafunzi kufanya kwa mikono yao. Miwani ya kukinga macho ni lazima hata kwa matone, haidroksidi ya sodiamu haina utani na jicho.

Kiashiria, yaani kimiminika kinachobadili rangi kuonyesha asidi au besi, chemsha mwenyewe kwa rozela kavu. Kwenye ndimu hubaki nyekundu, kwenye magadi hugeuka kijani, na katikati kuna rangi ambazo litmasi haikupi. Miezi michache kabla ya mtihani, hata hivyo, rudi kwenye litmasi na methili chungwa, kwa maana ndivyo watakavyovikuta mezani.

Wa Baiolojia watafute Foldscope, hadubini ya karatasi iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Stanford na Manu Prakash na Jim Cybulski, inayokuza takriban mara 140. Seli za kitunguu zinaonekana vizuri. Na kwa vitabu, maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania inatoa vya mtaala mpya bure, hakuna sababu ya mwalimu kufundishia nakala iliyofifia.

Zana zote hizi hazina thamani kama swali la mwanafunzi halina pa kukaa. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa Magamba Sekondari, aliona maziwa yake ya moto yakiganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Aliuliza, akaambiwa amechanganyikiwa, wenzake wakamcheka. Aliendelea kuuliza hadi akampata Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, ambaye alikubali kulipima jambo lenyewe, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Wanafizikia wanalijadili hadi leo. Vifaa vilivyohitajika vilikuwa friji, maziwa na kipimajoto.

Kwa hiyo tenga ukurasa wa mwisho wa daftari la kila mwanafunzi kwa maswali, na vipindi viwili mfululizo kila mwisho wa mwezi kwa ajili ya kupima moja wanalolichagua wao. Mkuu wa shule atakuuliza silabasi itaishaje. Mwonyeshe andalio lako: ukishaacha kunakilisha notisi ubaoni ambazo zimo kwenye kitabu, dakika hizo 80 zinapatikana. Na kama una kompyuta moja tu na wanafunzi zaidi ya sitini, anza na saketi, makundi ya watano watano, kundi moja kwenye kompyuta na mengine yakiwa na betri na globu, mkizunguka.