Barua kwa mwanangu: Widal haimtafuti bakteria

Arua

Mwanangu Yusuf,

Ujumbe wako nimeupata, na picha ya karatasi ya maabara nimeiona. Unasema dawa za taifodi ulizimaliza wiki tatu zilizopita, homa imekwisha na chakula kinapita, lakini Widal, kipimo cha damu cha taifodi, imesoma O 1:80 na H 1:320, na kliniki inataka uanze dozi nyingine. Unauliza kama dawa imeshindwa, na hizo kingamwili zinamjuaje bakteria hata tuziamini.

Dozi ya pili usiinunue kwa karatasi hiyo. Widal haimtafuti bakteria, inatafuta kingamwili ulizotengeneza kupigana naye, na hizo hubaki kwenye damu muda mrefu baada ya yeye kufa.

Kingamwili ni protini yenye umbo la herufi Y. Ncha za mikono miwili ndizo zinazoshika, na mguu ndio unaoita msaada. Watu hudhani mwili humwona mdudu kwanza, kisha hukaa ukashona kingamwili ya kumtosha. Sivyo. Kila seli B, yaani chembe nyeupe ya damu inayotengeneza kingamwili, inapokua ndani ya uboho huchanganya vipande vya jeni zake kwa bahati nasibu, kwa hiyo kila moja hutoka na ncha za namna yake. Tonegawa Susumu wa Japani alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1987 kwa kulifumbua jambo hili. Fikiria rundo la viatu vya mitumba pale soko la Owino, Kampala: hakuna aliyevishona akiujua mguu wako, lakini ukipekua sana utapata kimoja kinachokaa. Tofauti ni kwamba mwilini, seli iliyopata mguu wake huzaana kwa maelfu, na watoto wake humimina kingamwili zilezile.

Kinachoshikwa si bakteria mzima, ni kipande kidogo cha juu yake. Kwa bakteria wa taifodi, O ni sukari za ukuta wake na H ni mikia anayoogelea nayo. Kingamwili za kwanza ni IgM, Y tano zilizofungwa pamoja. Kila mkono unashika hafifu, lakini mikono kumi kwa pamoja haimwachii mtu. Baadaye, ndani ya mitoki na wengu, seli B hunakili jeni hizo kwa makosa madogo madogo, na zile ambazo kosa limezifanya zishike vizuri zaidi ndizo zinazobakizwa. Hapo hutoka IgG, iliyo kali zaidi na inayodumu.

Zenyewe haziui sana. Bakteria wengi huteleza kama kambare. Ukimshika kwa mikono mitupu anachomoka, ukipaka majivu anashikika. Kingamwili ndiyo majivu hayo: chembe nyeupe hushika miguu ya zile Y na kummeza aliyepakwa. Pia huita protini za damu ziitwazo komplementi zinazotoboa ukuta wa bakteria, huwagandanisha wengi pamoja, na huziba sumu kabla haijafika kwenye mishipa ya fahamu, na ndiyo kazi yote ya chanjo ya pepopunda.

Taifodi ina ujanja wake. Bakteria wake akimezwa hafi kirahisi, hukaa ndani ya chembe iliyommeza, na kingamwili haiingii humo. Juu yake pia huvaa koti liitwalo Vi linalozificha zile sukari za O. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na kingamwili tele na bado anaungua homa, na mwingine amepona kabisa lakini karatasi inapiga kelele.

Sasa kipimo chenyewe. Kwenye kibao huwekwa maji ya damu mikrolita 80, 40, 20, 10 na 5, yanayosimama badala ya 1:20 hadi 1:320, yaani maji ya damu yaliyozimuliwa mara 20 hadi mara 320; yakigandisha hata yakizimuliwa sana, kingamwili ni nyingi. Kila moja hutiwa tone la bakteria waliouawa na kutiwa rangi, linakorogwa, linatikiswa kwa dakika moja, kisha wanaangalia kama limeganda. Fundi akienda kupokea simu akarudi baada ya dakika tatu, tone limeanza kukauka na litaonekana limeganda hata kama hakuna kitu. Tena zile sukari za O si za taifodi peke yake. Ndugu zake wa Salmonella wanaoharisha watu wanazo pia. Malaria nayo huchochea seli B ovyo, na kwetu huku nani hajawahi kuugua malaria? H ndiyo mbaya zaidi, kwani hukaa miezi, hata miaka. Ukipimwa katika wiki ya kwanza ya ugonjwa wa kweli, Widal huweza kusema huna kitu.

Ingekuwa na maana kidogo kama wangekupima siku ulipoanza kuugua, wakarudia baada ya siku 10 hadi 14, na kipimo kikapanda mara nne, mfano kutoka 1:40 hadi 1:160. Karatasi moja haisemi hivyo.

Homa ikirudi, nenda penye maabara ya kuotesha damu, yaani wanaoiweka kwenye chupa ya chakula cha bakteria waone kama ataota. Watoe mililita 8 hadi 10, kabla hujameza kidonge chochote, maana siprofloksasini ya dukani, dawa ya kuua bakteria, ikishaingia, chupa inaweza kubaki kimya na bakteria bado yumo. Majibu huchukua siku mbili hadi saba. Akiota, wamjaribishe na dawa, wakuambie ipi inamuua.

Tumbo likikaza kama ubao au choo kikatoka na damu, usinitumie picha ya karatasi yoyote. Panda boda uende hospitali usiku huohuo, kwa sababu taifodi hutoboa utumbo.

Mama yako anakusalimu. Anauliza kama yale maji ya kunywa bado unayachemsha.

Baba yako