Jibu: Mwanangu anaenda kusoma China, usingizi umenikimbia

Hongera na pole, mama wa Tabora. Umeuliza utalalaje binti akiwa China. Wangu yuko Wuhan, anasoma uhandisi, na Mwanga nzima hapa Kigoma inajua, maana baba yake hanyamazi. Hata muuza dagaa keshasimuliwa.

Hofu haiishi, ila hupungua mkiwasiliana. WhatsApp kule imefungwa, kwa hiyo wekeni WeChat, programu ya Kichina ya kutumiana ujumbe na kupigiana, kwenye simu zote mbili kabla hajapanda treni ya Dar. Msingoje afike: kujisajili mara nyingi hudai mwenye akaunti akuthibitishe, na huko ugenini atamwomba nani? Halafu wametutangulia kwa saa 5. Ukifunga duka saa 1 jioni, kwake ni saa 6 usiku. Mimi humpigia mchana nikigeuza dagaa juani, ananiuliza bei imefika ngapi!

Vyeti halisi abebe mkononi, si kwenye begi la mizigo. Akiwa na viza ya X1, yaani ya masomo ya muda mrefu, aombe kibali cha kuishi ndani ya siku 30 tangu aingie. Chuo humwelekeza, lakini wewe mkumbushe. Akikujibu kwa mkato "niko poa", usianze kulia, huenda yuko darasani.