Mbona Baraka havai?

*Shangazi, shikamoo. Mimi na mume wangu ni Watanzania, tunaishi Minnesota. Tuna kijana wetu wa kumzaa, Baraka, miaka 14, na binti tuliyemuasili kutoka Guangxi, China, mwaka 2016. Makaratasi yanasema alizaliwa Agosti 2014. Alikuwa na mdomo sungura, akafanyiwa upasuaji, kovu lipo. Kila Mwaka Mpya wa Kichina namvalisha gauni la kwao, napika jiaozi (vile vidonge vya unga vyenye nyama ndani), naalika watu. Safari hii alijifungia chooni akilia: "Mbona Baraka havai?" Sasa amegoma hata shule ya Kichina ya Jumamosi. Mama mkwe, yuko Moshi, anasema niachane na hayo, kuzaa si kazi, kazi kulea. Nifanyeje? Mama B.*

Marahaba, Mama B.

Binti yako kakuuliza swali zito kuliko yote uliyoniuliza wewe. Baraka havai kwa sababu nyumbani kwenu, China ni ya mtu mmoja, nayo hutolewa kabatini wageni wakija. Mtoto wa miaka 11, ambaye akiingia tu kanisani na nyinyi watu wanageuka kumtazama, unapomvika hariri nyekundu peke yake umempandisha jukwaani. Nia yako ni njema, sina shaka. Lakini nyinyi ndio mliomleta kwenye ukoo wenu, kwa hiyo na kwao kumekuwa sehemu ya ukoo huo. Baraka ana dada wa Guangxi. Na yeye jambo hili limguse.

Bahati nzuri nafasi iko karibu. Kwa kalenda ya Kichina kila mwaka una mnyama wake, na aliyezaliwa Agosti 2014 ni wa Mwaka wa Farasi, na Farasi anarudi tarehe 17 Februari 2026. Wachina wanaamini mwaka wa mnyama wako ukirudi, kila baada ya miaka 12, unakuja na mikosi, ndiyo maana watu huvaa kitu chekundu kujikinga: mkanda, soksi, hata chupi. Nunua soksi nyekundu za nyumba nzima, za baba mwenye nyumba zikiwemo, mzivae mwaka mzima, wageni wasijue. Binti atacheka. Hapo ndipo pa kuanzia.

Halafu hizo jiaozi. Ni chakula kizuri, ila kula jiaozi usiku wa mwaka mpya ni desturi ya kaskazini hasa. Guangxi ni kusini kabisa, inapakana na Vietnam, na ndiko kwa Wazhuang, kabila kubwa kuliko yote China ukiwaondoa Wahan. Kule sikukuu hiyo watu wengi hufunga zongzi: mchele wa kunata, choroko na kitimoto, vyote ndani ya majani, vinachemshwa saa nyingi. Choroko, Mama B.! Huhitaji kufundishwa choroko na mtu. Baraka afunge majani, baba akaze kamba, na binti akitaka kukaa na simu yake pembeni, mwacheni. Mtakula wote.

Bibi wa Moshi ana haki kusema kazi ni kulea. Mwambie kwa adabu kwamba kumwambia mtoto alikotoka ni malezi vilevile. Mchaga gani anakubali mjukuu asijue kwao?

Sasa kovu. Hukuniuliza, lakini nakwambia, maana kila asubuhi analiona kwenye kioo, na siku moja atauliza kama ndilo lililomfanya aachwe. Usimtungie hadithi. Hujui kama mama yake alilia, hujui kama alimpenda. Unayoyajua ni haya: mwaka 2014 familia nyingi China bado zilikuwa zimewekewa kikomo cha watoto, sera ya mtoto mmoja ikaja kuondolewa rasmi mwanzoni mwa 2016, na kumtupa mtoto lilikuwa kosa la jinai, kwa hiyo waliolazimika waliacha kwa siri, bila jina wala anwani. Ndiyo maana hata tarehe ya kuzaliwa mara nyingi hukadiriwa na kituo cha kulelea watoto. Mweleze hayo, na pengine sema tu, "Hilo sijui, mwanangu." Tena kabla mtoto aliyeokotwa hajaasiliwa, serikali ilipaswa kutangaza kwenye gazeti la jimbo, kwa kawaida na picha yake, na kusubiri siku 60 kama wazazi watajitokeza. Kama hamna nakala, waulizeni wakala waliowashughulikia. Huenda ndiyo picha yake ya kwanza duniani.

Shule ya Jumamosi, mpumzishe. Nina hakika anakaa na watoto wanaoongea Kichina na mama zao tangu kunyonya, yeye anahangaika na toni nne za Kichina, zile za kupandisha na kushusha sauti. Jiandikishe wewe darasa la watu wazima, uonekane unakosea matamshi jikoni. Akitaka kurudi atarudi.

Mwisho, China ilifunga mlango wa kuasilisha watoto wake nje mwaka 2024, isipokuwa kwa ndugu wa damu wa karibu na wazazi wa kambo. Lakini Marekani peke yake ilishapokea zaidi ya 80,000 tangu 1992, na wale wa mwanzo sasa ni watu wazima wenye kazi na watoto. Mtafutie dada mkubwa mmoja katika hao, aje nyumbani ale, kisha nyinyi wazazi mtoke mwende dukani. Kuna mambo binti atamuuliza yeye kwanza, na usije ukanuna.