Intaki ya bei poa au ya jina: jibu langu kwa mwenye Runx Z

Assalaam alaykum wadau. Yakhe umeuliza una Toyota Runx Z, umeona intaki mtandaoni, yaani njia ya kuingizia hewa kwenye injini, bomba la aluminiamu na filta nyekundu kwa dola 40 hivi, na ya kampuni yenye jina inakwenda dola 300 hata usafiri bado, unataka kujua hela yote hiyo inakwenda wapi au tunalipia stika tu. Nimesoma majibu ya juu, mmoja kasema za bei poa zinaua injini, mwengine kasema bomba ni bomba. Wote wamesema nusu. Mie n'nayo injini hiyohiyo ya 2ZZ, nshafunga ya bei poa, nshafunga yenye jina, gari moja, na saa hizi ukifungua boneti yangu hukuti hata moja katika hizo.

Bomba lenyewe halina siri. Ni aluminiamu imekunjwa, ya jina imekunjwa vizuri zaidi na mabano yake yanafika kwenye tundu la boliti bila ya kuvutana, bas. Klampu za ile ya bei poa hazikumaliza hata masika zishaota kutu, lakini hewa yetu ya chumvi inakula hata vyuma vya maana seuze vile, nikaenda sokoni Darajani hapa Unguja nikanunua nyengine kwa hela ya chai na mambo yakaisha. Kwa hiyo anokwambia usinunue kwa sababu ya bomba muache.

Shughuli iko kwenye sensa ya hewa, ile MAF. Ndani yake mna kijiwaya chembamba kinapashwa moto, hewa ikipita inakipoza, kompyuta inaangalia umeme kiasi gani unatumika kukirudisha kwenye joto lake na hapo ndo inajua hewa ngapi imeingia na itie mafuta kiasi gani. Sasa sikiliza hapa, sensa haipimi hewa yote, inapima ile inopita kwenye kidirisha chake tu, iliyobaki kompyuta inakisia kwa sababu kiwandani ishaambiwa bomba lina upana fulani. Ukija wewe na bomba pana zaidi hewa ileile inapita mbele ya sensa polepole, kompyuta inaona hewa kidogo, inatia mafuta kidogo. Na si lazima upana uzidi sana, kipenyo cha milimita 70 ukikifanya 77 njia ya hewa imeongezeka kwa asilimia 21, kwa macho huioni tofauti lakini sensa inaiona vizuri mno.

Kwenye mwendo wa kawaida kompyuta inajirekebisha kwa sensa ya oksijeni ya kwenye egzozi, ndo maana mtu anafunga anazunguka mjini anakuja kukwambia "mbona yangu haina neno". Haina neno mpaka irekebishe ifike mwisho wake, taa ya injini inawaka, unapima unakuta P0171, yaani mchanganyiko una mafuta machache. Na ukikanyaga mpaka chini ile sensa ya oksijeni haisikilizwi tena, kompyuta inakwenda kwa hesabu zake za kiwandani pamoja na masahihisho ilojifunza huko nyuma. Kwenye 2ZZ hapo ndo camshaft, ile shafti ya vali, inapopandisha ikazifungua vali zaidi, juu ya mizunguko 6000 kwa dakika, pahala ambapo hutaki kabisa mafuta yapungue.

Ile ya bei poa nilofunga tundu la sensa lilikuwa la gari yoyote, kibati kimechomelewa kimekaa upande kidogo, sensa ikaingia imeinama na mpira wake haukubana sawasawa. Gari ikawa inahema ikiwa imesimama, mizunguko inapanda inashuka inapanda inashuka, kwenye simu nilounganisha na kompyuta ya gari zile namba za marekebisho ya mafuta zimezidi asilimia 10 muda wote. Hewa yoyote inoingia baada ya sensa ni hewa ambayo kompyuta haina habari nayo, ufa mdogo wa kwenye kibati unatosha. Kampuni zenye jina hapa ndo zinakula hela yao kwa haki, pahala pa sensa pamepimwa kwa gari moja moja, na mara nyengine utakuta pamefanywa padogo kuliko bomba lenyewe kwa makusudi.

Lakini nayo ya jina ina mtihani wake kwetu sisi. Intaki nyingi za 2ZZ zimetengenezwa kwa Celica GT-S na Corolla XRS za Marekani, usukani kushoto. Runx zetu zimetoka Japani usukani kulia, injini moja lakini chini ya boneti vitu havikukaa pamoja. Bomba la dola 300 lilipofika lilikuwa linagonga, fundi akalikata kipande akaunga kwa mpira wa silikoni, sasa nambie, ushalipa hela ya kitu kilopimwa halafu unakipima upya kwa msumeno. Kwa hiyo kabla hujalipa soma wameandika chesisi gani, yaani namba ya umbo la gari lenyewe, ukiona jina la injini peke yake usiridhike.

Tuje kwenye filta, na hapa mie sina mzaha. Siku tuliyoifungua ile ya bei poa fundi wangu alichukua kitambaa cheupe akapitisha ndani ya bomba, upande wa ndani ambao hewa ishachujwa, kikatoka kimeshika vumbi kama unga wa mdalasini. Vumbi hilo lilikuwa linakwenda moja kwa moja kwenye silinda. Sisi wa Fuoni, Kijitoupele, huko njia za ndani, mbele yako lori la mchanga, nyuma yako lori la kifusi, vumbi la mchanga ni gumu kuliko chuma cha ringi, linasugua taratibu na hujui mpaka gari ianze kunywa oili. Tulipoigeuza filta tukakuta gundi baina ya mpira na pamba imeachia pembeni, uwazi wa kupitisha ukucha. Pamba ilikuwa haina shida sana, hewa na vumbi lake vilikuwa vinapita kwa mlango wa nyuma.

Na watu wengi wanapima filta kwa tochi, wanamulika kwa ndani wakiona vitundu vya mwanga wanasema feki. Usifate hiyo, filta za pamba hata za halali zinaonesha mwanga, kinachokamata vumbi ni nyuzi pamoja na mafuta yake. Wewe angalia gundi, angalia mikunjo imelingana, bonyeza mpira uone unarudi. Na K&N, hawa walioanzia California 1969, ndo wanaoigwa kuliko wote, kwa hiyo ukiuziwa K&N kwa elfu thelathini jua umeuziwa rangi nyekundu. Ya halali ina namba ya spea, ichukue ukaitafute kwenye katalogi yao, ikikujia ya gari nyengine au vipimo havilingani mrudishie mwenyewe.

Halafu jengine, filta za pamba ya mafuta kwa gereji zetu ni balaa. Nimemuona fundi kwa macho yangu anaiosha kwa petroli, anaipuliza kwa kompresa, kisha anaipaka oili ya injini akaona kamaliza kazi. Kompresa inachana nyuzi, na mafuta yakizidi yanarushwa yanakwenda kuganda kwenye kile kijiwaya cha sensa, unarudi kulekule kwa taa na kuhema. Sensa ikichafuka ina dawa yake ya kupuliza, ya MAF hasa, siyo ile ya kabureta, na usikiguse kijiwaya kwa kidole wala pamba. Ndo maana kama utanunua filta ya jina mie nakushauri ile kavu isotiwa mafuta, kampuni ya AEM wanazo, wanaziita Dryflow, unaiosha kwa sabuni na maji, unaiacha kivulini ikauke kabisa, unarudisha.

Joto nalo hamkulitaja hata mmoja. Filta ya koni ikikaa wazi chini ya boneti inavuta hewa ya injini. Nilichomeka kile kidude cha ELM327 cha kusomea kompyuta ya gari nikawa naangalia kwenye simu, foleni ya Darajani mchana nje ni nyuzi 31 hivi na hewa inoingia imepita 55. Boksi la filta la kiwandani linavuta nje, mbele huko, tofauti kwenye foleni ileile ilikuwa ndogo tu. Hewa ikipanda joto nyuzi 20 inapungua kama asilimia 6, basi zile hosipawa mbili tatu ulizonunua zishaliwa na joto kabla hujafika Bububu. Ukishika kasi joto linashuka, nakiri, lakini nani anashika kasi humu mjini.

Zile ndefu zinoshuka mpaka nyuma ya bampa zinapata hewa nzuri ndo, ila yakhe tunajuana, masika Mwanakwerekwe pakijaa filta yako iko chini sawa na maji. Injini ikimeza maji pistoni inapanda inakuta kitu kisichobonyea, konrodi, ule mkono wa pistoni, inapinda, injini kwaheri. Kuna vali za kuokoa zinauzwa, AEM wanayo, lakini sitoitegemea kwenye ziwa. Na ikikuzimikia majini usipige stata, isukumeni mpaka pakavu, plagi zitolewe zote kwanza.

Mlio ni kweli. Sitokudanganya, 2ZZ na filta ya wazi ikipita 6000 inalia vizuri hasa, hata mke wangu asojali magari aligeuka kuangalia. Kama unataka mlio sema nataka mlio, si dhambi, ila usijiambie unatafuta nguvu.

Mie nimerudisha boksi langu la kiwandani, ndani nimetia filta bapa ya jina, ilikuwa baina ya dola 50 na 70, imekaa sawasawa kama ya Toyota, hakuna cha kukata. Wenye IST na Vitz za injini ya 1NZ nao msihangaike, boksi lenu liko juu ya injini, weka filta mpya ya kawaida na badilisha kwa wakati bas.

Kama roho yako bado inataka bomba, fanya hivi ambavyo nilimfanyia mdogo wangu na gari yake haijawasha taa. Toa bomba la kiwandani lenye sensa, pima kipenyo cha ndani kwa venia, kile kipimo cha taya, siyo kwa rula, palepale sensa inapokaa. Nunua bomba la bei poa, ila pahala pa sensa pawe na kipenyo hichohicho, au bora zaidi kata kile kipande cha kiwandani chenyewe uunge nacho. Filta nunua ya jina, hapo usibane hela. Klampu tupa uloletewa nazo, weka za chuma kisichoota kutu. Halafu nenda kwa fundi wa mabati akukunjie ukuta wa aluminiamu baina ya filta na injini, uwache upande wa mbele wazi, anakufanyia kwa bei ya kawaida tu ukimpelekea kiolezo cha kadibodi. Jumla utatumia kama theluthi ya ile seti ya dola 300 na itakaa kwenye usukani wa kulia.

Ukishafunga zunguka wiki moja kisha pima marekebisho ya mafuta, yakikaa chini ya asilimia 5 huku na huku mshukuru Mungu, yakizidi 10 tafuta panapovuja kabla hujaigusa sensa. Kile kitambaa cheupe nacho usikisahau kila ukifungua.

Niandikie hapa kipenyo ukishapima na gari ya mwaka gani, mana lile bomba langu lilokatwa bado liko stoo. Likikufaa uje ulichukue, utanipa hela ya juisi ya miwa tu.