Usonji na vyoo vya safarini

Pole dada uliyeuliza kuhusu kusafiri na mwanao mwenye usonji (autism). Kijana wa miaka 12 kugomea vyoo vya stendi na mwezi ujao mnatoka Dodoma kwenda Dar, wangu ana 14 na haya mambo nayajua mpaka harufu yake.

Kama hela ipo pandeni SGR, ile treni ya umeme, choo kimo humo humo kwenye treni na hakuna konda wa kukupigia kelele "dakika tano!". Kwa basi mwambie konda mapema pale pale stendi ya Nanenane, usisubiri mfike Gairo mtoto ameshabana miguu, na ile ya kuchimba dawa porini mi siipendi kabisa, mwili umeshakua na siku hizi kila mtu ana simu.

Kuhusu aingie cha kike au cha kiume, mi namwambia yule anayekusanya hela mlangoni "huyu mwanangu ana usonji, naingia naye", nalipia wote wawili, wengi wanaelewa, akikaza naomba cha watu wenye ulemavu kama kipo. Wangu hata uchafu haumsumbui, kinachomtesa ni mwangwi na bomba linavyojaza ndoo, so namvalisha hedifoni kabla hatujafika mlangoni, na raba, maana maji ya sakafuni yakimgusa vidole basi tena imekula kwangu.

Wiki moja kabla mpeleke stendi anawe mikono tu chooni mrudi nyumbani, apazoee. Na usimnyime maji ili asikojoe, joto la njiani unalijua. Suruali ya akiba weka kwenye kindoo chenye mfuniko, rambo si zilipigwa marufuku tangu 2019.