Jibu: McGrath alichezaje na magoti yale?

Salaam mkuu. Umeuliza Paul McGrath, beki wa soka wa Ireland, aliwezaje kuwa mchezaji bora wa mwaka England 1993, kura za wachezaji wenzake, wakati Manchester United walishamuuza 1989 kwa magoti mabovu na pombe.

Pombe iweke pembeni kwanza, angalia ratiba yake Aston Villa, klabu iliyomnunua. Magoti yaliyopasuliwa mara nane hayavumilii kukimbizwa kila siku, kwa hiyo alisamehewa mazoezi mengi. Katikati ya wiki baiskeli ya gym kidogo, Jumamosi dakika 90.

Kisha tafuta video ya Ireland na Italia, Kombe la Dunia, 18 Juni 1994. Usifuate mpira, mfuate yeye. Hashindani mbio na Roberto Baggio, mshambuliaji wa Italia. Anawahi pale pasi itakapoangukia. Kuna shuti alilizuia kwa uso! Ireland 1, Italia 0.

Wengi humtupia Alex Ferguson, kocha wa United aliyemuuza, lawama zote, mimi simo. McGrath alikulia kwenye vituo vya yatima Dublin, mwenye haya kupindukia, akinywa ili hofu itulie. Hata akiwa Villa hakuacha kunywa, kwa hiyo ukiandika makala yako usiseme alipona huko.