Simu iliyoangukia baharini: itoe kwenye mchele, ipeleke kwa fundi leo

Ndugu yetu ameuliza afanye nini: jana jioni, alipokuwa akishuka kwenye boti, simu yake ilimponyoka ikazama kwenye maji ya bahari kwa muda usiofika dakika moja, akaiokota, akaizima, akaifukia kwenye ndoo ya mchele, na sasa anataka kujua kama aiwashe au aiache humo siku ya pili. Ninamwomba asifanye lolote kati ya hayo mawili. Aitoe kwenye mchele sasa hivi, asiiwashe, asiichomeke chaji, na awahi kwa fundi leo hii, kwa sababu njia anayoifuata ndiyo iliyonipotezea simu yangu.

Mwaka 2017 nilisafiri kwa boti kutoka Nyamisati kwenda Kilindoni, kisiwani Mafia. Wakati wa kushuka niliinama kupokea mzigo, na simu iliyokuwa kwenye mfuko wa shati ikatumbukia majini. Niliiokota upesi na kuizima, na kila aliyekuwa karibu akanishauri mchele, nami nikaifukia siku tatu kamili bila kuigusa. Siku ya nne iliwaka. Nilimshukuru Mungu, nikapiga simu nyumbani, nikaichomeka chaji. Ilipofika jioni ilikuwa imepata joto mgongoni, kisha kioo kikazima, na haikuwaka tena. Fundi niliyempelekea Kariakoo niliporudi Dar es Salaam aliifungua mbele yangu, na ndani hapakuwa hata na tone la maji. Kulikuwa na ukoko mweupe wa chumvi kuzunguka tundu la chaji, kutu ya kijani iliyokwisha kula vipuri vidogo vilivyochomelewa kwenye bodi, yaani ubao wa umeme ulio ndani ya simu, na kwenye tundu lenyewe alichokonoa unga wa mchele ulioganda kama uji uliokaukia sufuriani. Aliniambia kuwa maji yalikwisha kukauka zamani, na kwamba kilichoiua simu ni chumvi iliyobaki pamoja na umeme wa betri.

Maneno hayo ndiyo kiini cha jambo lote. Maji matupu hupitisha umeme kwa shida sana, lakini maji yenye chumvi huupitisha kwa urahisi, na umeme ukipita humo huimega shaba ya bodi kidogo kidogo na kuacha kutu mahali pake. Simu iliyozimwa nayo haiko salama kabisa, kwa kuwa betri ikiwa bado imeunganishwa, baadhi ya njia za bodi huendelea kuwa na umeme. Mchele hauiondoi chumvi, wala hauyavuti maji yaliyojificha ndani ya simu iliyofungwa. Kinachokausha ni hewa, na simu ingekauka vilevile kama ingeachwa mezani mahali penye upepo. Kampuni ya Apple yenyewe, katika maelekezo yaliyoenea sana mwanzoni mwa mwaka 2024, iliwaambia wateja wake wasiitie simu kwenye mfuko wa mchele, kwa kuwa chembe zake ndogo zinaweza kuiharibu.

Mwaka 2022 simu ya mpwa wangu iliangukia maji yale yale ya chumvi, safari hii ufukweni Kigamboni, na nilikuwa karibu. Tuliizima mara moja, tukaivua kava, tukatoa laini pamoja na trei yake, kisha, kabla chumvi haijakauka, tukaisuuza kwa haraka kwa maji ya kunywa ya chupa. Najua wengi watashtuka kusikia simu iliyolowa ikiongezewa maji, lakini chumvi huondoka kwa urahisi ikiwa bado imeyeyuka. Tuliigonga taratibu kwenye kiganja tundu la chaji likitazama chini, tukaifuta kwa kitambaa cha pamba, na jioni ile ile ikawa mezani kwa fundi. Fundi alianza kwa kuchomoa betri. Ndipo akaiosha bodi kwa alkoholi ya isopropili, yaani spiriti ya kusafishia, ya asilimia 99 na mswaki laini, akaiacha ikauke mbele ya feni kwa siku mbili kabla ya kujaribu kuiwasha. Ilipona, isipokuwa spika, ambayo ilikuwa inakwaruza sauti na ikabidi ibadilishwe.

Kwako wewe, ndugu, usiku mzima umekwisha kupita, na kwa hiyo sikushauri uisuuze nyumbani sasa: ukiilowesha chumvi iliyokwisha kukauka huku betri ikiwa bado imeunganishwa, utaiamsha kutu upya. Kama betri ya simu yako hutoka kwa mkono, itoe. Kama haitoki, mwachie fundi, na umwombe mambo mawili waziwazi, yaani achomoe betri kwanza, na aoshe bodi yote badala ya kuipuliza kwa hewa ya moto tu. Spiriti ya duka la dawa mara nyingi ni ya asilimia 70 na sehemu iliyobaki ni maji, hivyo haifai sana kwa kazi hii.

Usiianike juani juu ya bati wala usiielekezee mashine ya kukaushia nywele, kwa sababu joto hulegeza gundi ya kioo na kuidhuru betri. Ukiona mgongo umevimba, au simu ikapata joto ingawa imezimwa, iweke nje juu ya saruji, mbali na kitu chochote kinachoweza kushika moto, wala usiitoboe.

Wapo watakaokuambia kuwa simu yenye alama ya IP68, ile ya kuonyesha kuwa simu inastahimili maji na vumbi, haihitaji haya yote. Alama hiyo hutolewa kwa majaribio ya maji safi katika simu mpya, na mpira na gundi zinazozuia maji huchoka kwa umri, kwa kuanguka, na hasa simu ikiwahi kufunguliwa. Kwa maji ya mvua au ya ndoo hakuna haja ya kusuuza. Soda, chai ya sukari na maji ya sabuni yahesabu sawa na bahari.

Ikiwaka, hamisha picha na namba zako kwanza kabla ya matumizi mengine, kwa kuwa kutu iliyobaki huweza kuizima wiki kadhaa baadaye. Na laini, kama bado imo ndani, itoe kabla hujatoka nyumbani, ifute kwa kitambaa kilicholoweshwa maji safi kidogo, iache ikauke, kisha iweke kwenye kitochi chochote, ili simu ikilala kwa fundi siku tatu usikose kupokea na kutuma fedha zako.